Maksi za Uani

"Usiniangalie kama nimekuja kuomba chumvi, jirani. Nimekuja na mtoto wangu, mchana kweupe, kwa mguu wangu mwenyewe."

Dobi alisimama katikati ya mlango wa uani, mkono mmoja kiunoni, wa pili umemshika bintiye kiwiko kama mtu aliyekamata kuku asikimbie. Mikono ya mama yule ilikuwa imekunjamana kwa sabuni za watu. Binti alikuwa bado na sare ya shule, soksi moja juu, moja chini.

"Ingia, Dobi, unaziba mwanga," alisema Madamu.

Madamu hakuwahi kufundisha hata kuku kurudi bandani. Jina alipewa na mtaa kwa sababu mumewe ni Mwalimu, na mtaa ukishakupa jina haukuulizi kama limekutosha. Kazi yake ilikuwa cherehani, tena cherehani yenye baraza: mteja wa gauni anakaa, wa kupunguza suruali anakaa, na asiye na nguo ya kushona anakaa vile vile, maana habari za mtaa zilikuwa hazijafika mahali popote kama hazijapita kwake. Uani ndiko alikofanyia kazi mdogo wake, seremala aliyeitwa Randa. Na siku hizo uani palikuwa na shughuli kuliko sebuleni.

Chanzo alikuwa Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka semina na moto kifuani: kukariri basi. Hesabu za kwadratiki, zile ambazo namba inazidishwa kwa yenyewe na ukizichora zinakupa tao, hazitapimwa tena kwa karatasi peke yake. Kila mtoto atengeneze kitu kwa mkono wake, kitu chenye lile tao ndani yake, alipime, aandike mlinganyo wake, aeleze. "Mtoto akilishika tao kwa vidole hatalisahau mpaka anazikwa," alimwambia mkewe. Mkuu wa shule akapenda, akaongeza na lake: kazi hiyo itabeba nusu ya maksi za kuchagua wa kuingia darasa la sayansi. Viti vya darasa hilo havikufika nusu ya watoto.

Watoto wakapeleka habari nyumbani, nyumba zikatetemeka. Mzazi mmoja akaja kwa Randa kimya kimya, kuuliza kama anaweza kumchongea kijana wake kidaraja chenye tao. Randa akachonga. Wa pili akaja. Baada ya hapo wakawa wanapita kichochoro cha nyuma saa za jioni, Mwalimu akiwa bado shuleni na masomo ya ziada. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa mwenye nyumba.

"Na mimi wangu atengenezewe," alisema Dobi. "Chochote. Hata geti dogo."

"Plaiwudi inanunuliwa, Dobi. Vanishi inanunuliwa."

"Nitalipa mwisho wa mwezi. Ile nyumba ya wageni ikinilipa mashuka yao, hata nyumbani sipiti, nakuja hapa."

"Mwisho wa mwezi kazi zitakuwa zimeshasahihishwa." Madamu alisema hivyo bila ubaya, kwa sauti ile ile aliyowaambia wateja waliotaka gauni bila kuleta kitambaa. "Ningekuwa peke yangu ningesema sawa. Lakini huyu naye ana tumbo." Akamwonyesha Randa kwa kidevu. Randa hakuinua macho kutoka kwenye msumeno.

"Mama, twende," alisema binti. "Nitatengeneza mwenyewe."

"Haya, si ndivyo Mwalimu alivyotaka?" Madamu akasema, na kicheko kikamtoka. Wateja waliokuwa wakichungulia kutoka sebuleni nao wakacheka, maana mtu akicheka kwenye baraza ni dhambi kumwacha peke yake. Dobi akacheka pia, kidogo, kwa adabu. Akageuka na mtoto wake, akauvuta mlango polepole, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Wiki iliyofuata, kazi zilipokwisha kusahihishwa, mwenye mkokoteni alishusha mzigo nyumbani jioni, Mwalimu akiwa mbele anaelekeza kama anayehamisha vyombo vya harusi. Madaraja, mageti, paa la kanisa dogo, sahani ya kunasia mawimbi, mrusho wa mpira uliochongwa wote hewani juu ya vijiti. Vikajaa kwenye makochi, vikapanda juu ya cherehani, kimoja kikakaa juu ya runinga. Sebule ilinuka vanishi. Madamu alivitambua vyote. Daraja lenye rangi ya bluu alilipaka mwenyewe, kwa brashi ya kupakia kucha.

"Hukuvua viatu," alimwambia mumewe.

"Njoo uone kwanza." Mwalimu alikuwa anakula amesimama, sahani mkononi. Alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache, anayerudi kila siku na chaki kwenye nyusi. Siku hiyo alikuwa anaongea kama kinyozi. "Unaona hapa? Pitisha kidole."

Madamu akapitisha kidole kwenye tao la daraja. Upande wa kushoto, chini kidogo ya kipeo, pale juu kabisa, palikuwa na kibonyeo, kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.

"Sasa pitisha kwenye geti hili. Na hii sahani ya mawimbi, hii imepinduliwa, kibonyeo kiko kulia. Wote wanacho. Unajua kwa nini?"

Madamu alijua kwa nini. Alikuwa mshonaji, alijua kwamba pateni moja, ile karatasi ya kukatia nguo, ikikatwa vibaya, magauni yote yanatoka bega moja limepinda. Akakiondoa kidole.

"Pateni yangu ya ubaoni," alisema Mwalimu. "Ile mbao ya kuchorea tao shemeji aliyonichongea mwanzo wa muhula. Msumeno ulimteleza hapa. Mimi nikasema haidhuru, nikawachorea nayo muhula mzima. Na wao wameshika. Wameshika mpaka kibonyeo." Akaweka sahani chini. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuona haya. "Miaka yote hii nafundisha, mke wangu, naongea na kuta. Leo kuna watoto wamenifuata mpaka kosa langu."

Randa, aliyekuwa mezani na kikombe cha chai, alipaliwa. Akasema anakwenda kufunika mbao zake, mvua inakuja. Nje hapakuwa na wingu hata la kuazima.

"Na waliweza kueleza?" Madamu aliuliza, akijifanya anaokota uzi sakafuni.

"Maswali nilikuwa nimeyapanga. Ukiongeza namba ya mbele ya mlinganyo tao linafanyaje, kipeo kiko wapi, kwa nini. Lakini Mkuu alinipa siku mbili kwa darasa lote lile. Nikapima nukta tatu tatu, nikatazama kazi. Kazi inaongea yenyewe." Akachukua tena sahani. "Mmoja tu ndiye aliyeniangusha. Binti wa huyu dobi wenu."

"Kafanyaje?"

"Kaleta dumu." Mwalimu akaanza kucheka, akaishia njiani. "Dumu la maji, limetobolewa ubavuni. Nyuma kaweka ubao wa maboksi. Maji yanaruka kutoka kwenye tundu, eti yafuate mistari aliyochora. Boksi likalowa, likalala. Dawati likalowa. Mkuu naye ndiyo anaingia, maji yakampata kiatuni. Darasa zima likavunjika mbavu. Akaambiwa atoe uchafu wake nje. Sasa wanamwita Dumu."

"Ulimpa ngapi?"

"Usafi na mwonekano ni robo ya maksi, na alikuwa ananidondokea maji mezani. Nimpe nini? Kapata za mwisho."

Usiku Madamu alipokwenda kufunga mlango wa uani, alimkuta nduguye amekaa gizani juu ya gogo, hajafunika mbao yoyote.

"Dada, mimi narudi kwenye mageti ya nyumba za watu," alisema Randa. "Mageti hayana mwalimu."

Kesho yake Dobi alikuja kupitia mlango wa mbele. Mkononi alishika shati la Mwalimu, limepigwa pasi mpaka kola inasimama kama imeitwa jina.

"Sikukupa hilo shati, Dobi."

"Nililiona kwenye kamba yako asubuhi, nikasema nilipitishie. Haidaiwi kitu." Akaliweka kwa uangalifu juu ya kochi, kati ya madaraja mawili. Akayatazama madaraja. Hakusema neno juu yake, na hiyo ndiyo iliyomuuma Madamu. Mtu aliyekuja na matusi unampa kiti, unamjibu, mnamalizana.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anakwenda shule. Wakimwita Dumu anaitika." Dobi akakaa ukingoni mwa kochi, asije akavunja kitu. "Jirani, sikuja kugombana. Nami sikuja kumwombea maksi, hilo ulijue. Wiki nzima yule mtoto ameniharibia maji. Kila nikichota, yeye katoboa. Ananiambia, mama tazama, maji yakiwa mengi tao linakwenda mbali, yakipungua linajibana kwenye dumu, na kuna namba inayosema hivyo hivyo kabla hujatazama. Mimi sielewi. Lakini nililiona kwa macho, na namba zake zilikuwa za kweli, alizipanga kwa chaki kwenye sakafu nzima, nikawa naruka kama kangaroo kwenda kupika." Akainyoosha kola ya shati. "Namwombea aulizwe tu. Basi. Nje, uwanjani, asipolowesha mtu. Mwalimu amuulize, ajibu. Akishindwa, nitakuja mwenyewe kusema mwanangu ameshindwa."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kweli?"

"Nimesema nitamwambia, Dobi."

"Maana majina yanabandikwa Ijumaa," alisema Dobi, akainuka.

Mwalimu alirudi mapema siku hiyo, na habari mkononi kama mtu aliyebeba yai. Mkaguzi wa elimu anakuja Alhamisi. Mkuu amemwambia juu ya matao, naye anataka kuyaona, na kama yakimpendeza njia hii itapelekwa shule nyingine, na atakayeipeleka ni nani kama si aliyeianzisha? Aliliona shati, akaligusa kola.

"Hili limepigwa na nani?"

"Dobi. Kaa."

"Nina kazi ya kuandika hotuba."

"Kaa, baba. Nina neno."

Akamwambia kwanza la Dobi, kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi. Mwalimu akatikisa kichwa: akimrudishia mmoja mtihani, kila mzazi atakuja na dumu lake.

"Basi waulize wote," alisema Madamu. "Yale maswali uliyoyapanga. Waulize."

"Kazi zao nimeziona."

"Kazi zao umeziona. Na mimi nimeziona kabla yako."

Mwalimu hakuuliza una maana gani. Alitazama daraja la bluu, kisha akatazama kucha za mkewe, maana rangi ilikuwa bado imebaki kwenye moja. Akainuka, akaitoa pateni kwenye mkoba wake wa shule, ile mbao ya tao yenye mpini, akaiweka juu ya daraja. Ikakaa. Akaiweka juu ya geti. Ikakaa kama mguu kwenye kiatu chake. Sahani, paa, mrusho wa mpira. Akazunguka sebule nzima akiinama na kuinuka, na kila alipofika tao lilimkubali, kibonyeo kwa kibonyeo.

"Shemeji," aliita, si kwa sauti kubwa.

Randa akaja mpaka mlangoni, maranda kwenye nywele.

"Hizi zote?"

"Si zote, shemeji. Mbili tatu zilikwenda kwa fundi mwingine. Nilimwazima nakala ya pateni yako niliyobaki nayo."

Kama si siku ile, Madamu angecheka. Mwalimu akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, maana makochini hapakuwa na nafasi yake.

"Ukanisikiliza," alimwambia mkewe. "Jana. Nalia hapa kama mtoto, wewe unaokota uzi."

"Ulikuja na furaha ya bwana harusi. Ningeimwagia maji saa hiyo?"

"Ungenimwagia kabla."

"Kabla ungeninunulia gesi?" Hakutaka kulisema hilo, lakini lilikuwa limekaa mdomoni muda mrefu, likatoka. "Mshahara wako ukifika humu ndani ni mgeni wa siku mbili, baba. Unakula, unasema leo mchuzi mzuri. Umewahi kuuliza uzuri wake umetoka wapi?"

Randa aliondoka mlangoni kinyumenyume.

"Kwa hiyo darasa lote," alisema Mwalimu, "aliyelishika tao kwa mkono wake ni mmoja. Na mimi nikamwambia atoe nje."

"Ni Mkuu aliyemwambia."

"Nilikuwepo." Akajifuta uso na mkono wenye chaki. "Nitasema. Alhamisi, kabla mgeni hajaketi. Nitasema sikupima kitu, nipewe wiki moja, niwaulize mmoja mmoja. Yule awe wa kwanza."

"Watakufukuza?"

"Sijui."

"Na wazazi watataka pesa zao. Watakuja hapa, mlangoni."

"Watakuja."

Usiku ule Madamu alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu vanishi iingie nyumbani. Hofu alikuwa nayo, lakini ilikuwa hofu safi, ya mtu aliyekwisha kuvua nguo chafu na anangoja maji yapate moto.

Ukumbi wa shule ulipangwa meza kuzunguka kuta, na juu ya meza matao. Wazazi walialikwa. Wakaja na nguo zao za sherehe, wakakaa kila mmoja akiangalia kazi ya mwanawe kama aliyeiona mara ya kwanza, na wakisalimiana kwa adabu nyingi kupita kiasi, maana wengi wao walikuwa wamekutana kichochoroni. Madamu alipita katikati yao. Wakampisha. Mmoja alimkonyeza.

Dobi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, leso yake imefungwa upya. Alipomwona Madamu alimwinulia nyusi: umemwambia? Madamu akaitikia kwa kichwa. Dobi akaufunga mkono wake juu ya mkono wa bintiye. Kazi ya binti haikuwepo mezani.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, viatu vya kutembea. Hakuketi. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya ya kwanza, kwa sababu Mwalimu alikuwa amejipanga kusema kabla hajaketi, na mtu asiyeketi huwezi kujua kabla yake ni lini. Mkuu alikuwa amemshikilia mgeni kwa maneno, anamtoa meza hii kumpeleka meza ile, jasho linamtoka kwa raha. Mwalimu aliwafuata nyuma, shati la Dobi mgongoni, mdomo wake ukifunguka na kufungwa.

Mkaguzi akainua daraja la bluu. Akavaa miwani. Akalirudisha, akainua geti. Akapitisha kidole.

"Mwalimu," alisema, na ukumbi ukatulia. "Hiki kibonyeo mbona nakiona kila mahali?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua tu. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa mbele ya Mwalimu, na aliyeufungua hakujua kama ni mlango. Kilichobaki kilikuwa kupita.

Mwalimu akamtafuta mkewe. Macho yake yalitembea juu ya vichwa vya wazazi, juu ya vilemba na vipara, mpaka yakampata. Madamu akajua anaomba nini. Hakuwa anaomba ruhusa. Alitaka uso mmoja utakaobaki upande wake wakati nyuso zote zile zitakapomgeukia. Ilitosha kuinua shingo. Lakini akilini Madamu aliwaona wazazi wamejipanga mlangoni mwake, aliliona baraza lake tupu, cherehani imefunikwa shuka, Randa anakimbizwa kichochoroni. Akainamia mkoba wake, akatafuta leso ambayo hakuihitaji.

Alipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshaanza kusema.

"Ni makusudi, Mheshimiwa. Tulitumia pateni moja kwa darasa zima. Tulitaka kupima uelewa, si ufundi wa mkono. Wote tao moja, lakini kila mmoja ameanzia sifuri mahali pake, kwa hiyo kila mmoja ana mlinganyo wake."

"Vizuri sana," alisema Mkaguzi, akaandika. "Hilo sikulifikiria."

Mkuu akapiga makofi, ukumbi ukafuata. Walipiga kwa nguvu, wazazi wale, kama watu walioona gari likipita pembeni mwao bila kuwagonga. Madamu naye akapiga. Nyuma kabisa benchi lilikwaruza sakafu, mlango ukafunguka, ukafungwa.

Jioni Mwalimu alivua shati akaliacha sakafuni. Mkewe alimwekea chakula. Akala chote.

"Wazazi hao wakija kwa Randa, wasipite mlango wa mbele," alisema, na hilo ndilo neno lake la mwisho juu ya jambo lile.

Ijumaa majina yalibandikwa.

Mwalimu alipewa cheo cha taaluma, na Jumamosi gari la ofisi lilimchukua kwenda kuwafundisha walimu wa shule nyingine kupima kwa kazi za mikono. Kila shule aliyoifikia, baada ya wiki mbili kichochoro kilipata watu wapya. Randa hakurudi kwenye mageti. Alinunua msumeno wa umeme. Madamu alibadilisha mapazia, baraza likawa limejaa kama zamani, na kama kuna aliyegundua kwamba mwenye nyumba akirudi anapita moja kwa moja chumbani, hakulisema pale.

Dobi alikaa muda mrefu bila kuja. Alipokuja alipita kichochoroni, kama wateja, na binti nyuma yake.

"Anatoka shule mapema siku hizi," alisema. "Huko alikopangwa hakuna masomo ya jioni. Nikaona asikae bure. Nduguyo ana kazi nyingi, mtoto ana mkono. Mchukue."

Madamu angeweza kukataa kitu gani? Akamchukua. Mwisho wa wiki akamlipa, akaongeza. Kesho yake asubuhi Dobi alirudi na ile nyongeza imekunjwa ndani ya karatasi. "Ilizidi, jirani," alisema. "Mlihesabu vibaya." Na akaondoka kabla hajakaribishwa.

Ndani ya mwezi binti aliitupa ile pateni ya Randa yenye kibonyeo na kuchonga nyingine. Hakutumia ile kufuatisha. Alipiga mistari kwenye plaiwudi, akahesabu kwa midomo, akaweka nukta, akaziunganisha. Tao likatoka laini kama yai. Randa alilizungusha mkononi, akasema, "Huyu atanilia mkate wangu," akaliweka juu ya meza, na tangu hapo akawa anamwachia matao yote, yeye anapiga vanishi.

Jioni moja kijana wa darasa la sayansi alikuja kuchukua kazi yake. Walikuwa wamesoma dawati moja na binti kabla ya majina kubandikwa. Madamu alikuwa dirishani na cherehani, akashona pindo huku akisikiliza, kama alivyozoea kusikiliza kila kitu.

"Nikiulizwa niseme nini, Dumu?"

"Sema kipeo kiko hapa. Ukienda hatua moja pembeni, linashuka moja. Ukienda mbili linashuka nne. Tatu?"

"Sita."

"Tisa. Tazama." Akamchorea kwenye vumbi la mbao. "Umeona?"

"Niandikie tu," alisema kijana. Binti akamwandikia. Kijana akapakata kazi yake, akaondoka.

Madamu alipogeuka alimwona mumewe amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Tangu siku ya ukumbini hakuwahi kuweka mguu uani. Sasa akaweka kikombe juu ya jiwe la kufulia, akashuka.

Binti akainuka, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akasimama mbele yake, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kusahau alilotumwa. Kisha akasema, "Tuseme namba ya mbele nimeiongeza. Tao litafanyaje?"

"Litajibana, Mwalimu. Kipeo hakisogei. Mikono ndiyo inakaribiana."

"Na ikiwa hasi?"

"Linapinduka."

"Ikiwa sifuri?"

Binti alifikiri. Madamu aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Basi hakuna tao," alisema binti. "Unabaki na mstari ulionyooka tu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kuitikia. Mkono wake ulikuwa umekwenda mfuko wa shati, ukatoka na kalamu nyekundu, na sasa kalamu ile ilikuwa hewani kati yao, haina mahali pa kuandika.

"Mpe maksi zake basi, shemeji," alisema Randa kutoka kwenye vanishi, kwa utani. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akainamia brashi.

Binti aliitazama kalamu. Kisha akatazama chini.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa upole. "Umekanyaga kazi ya mtu."

Mwalimu akainua mguu. Alama ya kiatu ilikuwa imebaki juu ya mbao nyeupe. Binti akachuchumaa, akachukua msasa, akaanza kuifuta.